Sabuni ya Kipande, Jeli au Krimu: Kulinganisha Viambato vya Visafisha Uso

Anayesimama mbele ya rafu ya visafisha uso katika duka la vipodozi la Kariakoo au la katikati ya Nairobi huoneshwa kwanza picha: papai lililokatwa, jani la mwarobaini, mkaa, tango, ndimu. Picha hizo hazisemi lolote la maana kuhusu kitakachoigusa ngozi, kwa sababu chupa mbili zenye papai lile lile zinaweza kuwa na visafishi tofauti kabisa, na chupa ya papai na ya mkaa zinaweza kuwa kitu kimoja kilichotiwa rangi mbili. Ulinganisho wenye manufaa hufanyika kwa kugeuza chupa na kusoma orodha ya viambato. Majina manne au matano ya kwanza katika orodha hiyo ndiyo yanayoamua karibu kila kitu, pamoja na jambo moja lisiloandikwa kwenye lebo yoyote, nalo ni aina ya maji ambayo mnunuzi hunawia nyumbani kwake.

Orodha inavyosomwa

Kwa kanuni za Ulaya na Marekani, ambazo bidhaa nyingi zinazoingia kwetu huzifuata, viambato huandikwa kuanzia chenye uzito mkubwa hadi chenye uzito mdogo mpaka kufikia asilimia 1, na vilivyo chini ya kiwango hicho vinaweza kupangwa vyovyote apendavyo mtengenezaji. Lebo haioneshi mahali asilimia hiyo inapoangukia, lakini ipo njia ya kuikadiria. Kihifadhi kiitwacho Phenoxyethanol hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1 katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo katika bidhaa iliyofuata kanuni hizo kila jina linalokuja baada yake ni la kitu kidogo sana. Mara nyingi ni huko mkiani ndiko utakakolikuta papai, likiwa limeandikwa Carica Papaya Fruit Extract, jirani na rangi ya kuipamba jeli.

Kilicho mwanzoni, baada ya maji ambayo huandikwa Aqua au Water, ni kisafishi: kiambato chenye molekuli ambazo upande wake mmoja hushika mafuta na wa pili hushika maji, na hivyo kuweza kung'oa vumbi, jasho na mabaki ya losheni yakaondoka na maji ya kusuuzia. Kisafishi hakina uwezo wa kubagua mafuta machafu na yale ambayo ngozi imeyatengeneza kwa ajili ya kujikinga. Visafishi hutofautiana katika ukali wa kuyachukua haya ya pili, na pia katika kiwango cha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, kwa kuwa uso wenye afya una asidi kidogo, pH ya karibu 5, ilhali baadhi ya visafishi huuacha ukiwa umevutwa mbali na kiwango hicho kwa saa kadhaa.

Sabuni halisi na kipande kisicho sabuni

Vipande viwili vinavyofanana kwa umbo, povu na harufu vinaweza kuwa vitu vya asili mbili. Sabuni halisi hupatikana kwa kuchemsha au kuchanganya mafuta na kostiki soda, na kwenye lebo hujulikana kwa majina kama Sodium Palmate, ambayo ni mawese yaliyogeuzwa kuwa sabuni. Sodium Palm Kernelate, ya mafuta ya mise, yaani kokwa za mchikichi. Sodium Cocoate, ya mafuta ya nazi. Na Sodium Tallowate, ya shahamu ya wanyama, kwa kawaida ng'ombe au kondoo. Msomaji anayejiepusha na mafuta ya nguruwe atafute jina Sodium Lardate. Gliserini, kiambato cha kushika unyevu, nayo inaweza kutoka kwenye mimea au wanyama na lebo hailazimiki kusema, hivyo anayetaka uhakika atafute alama ya halali au maelezo ya mtengenezaji.

Sabuni ya namna hii huwa na pH ya 9 hadi 10, na haiwezekani kuishusha hadi 5.5 ikaendelea kuwa sabuni, kwa sababu asidi huirudisha kuwa asidi za mafuta zisizotoa povu. Kwa hiyo maneno "pH linganifu" kwenye kipande kinachoanza kwa Sodium Palmate yasichukuliwe kwa uzito.

Kipande cha pili, ambacho wataalamu hukiita sindeti, hujengwa kwa visafishi vya viwandani, na kinachotumika zaidi ni Sodium Cocoyl Isethionate, kinachotokana na mafuta ya nazi na kuchanganywa na asidi ya steari ili kipande kishikamane na kiwe laini. Dove, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1957, ndiyo iliyoifanya aina hii ijulikane, na pH yake huzunguka 7. Viko pia vipande vya katikati vinavyochanganya sabuni na sindeti, na hapo mpangilio wa majina ndio unaoonesha upande upi umezidi.

Kwa ngozi pekee, sindeti hushinda sabuni, hasa kwa mwenye ngozi kavu au pumu ya ngozi. Lakini pengo hilo hupungua au kupanuka kulingana na maji, na ninashangaa kwamba jambo hili halitajwi mara nyingi katika ushauri wa vipodozi unaoandikwa kwa ajili yetu. Visima vya Unguja, Pemba, Mombasa na sehemu kubwa ya mwambao vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na maji yake hubeba kalisi nyingi. Kalisi hiyo hushikana na sabuni halisi na kutoa utando mweupe usioyeyuka, ule ule unaoonekana kwenye beseni na ndoo, na utando huo hubaki usoni pia, ukisababisha ile hali ya ngozi kuvuta na kung'ang'ania vidole hata baada ya kusuuza vizuri. Baadhi ya watu huichukulia hali hiyo kuwa ndiyo dalili ya usafi, wakaongeza sabuni. Sindeti na visafishi vingi vya jeli havitoi utando wa namna hiyo. Kinyume chake, anayetumia maji ya Ziwa Victoria kule Mwanza au Kisumu, au maji ya mvua, ana maji laini, na sabuni ya kawaida isiyo na manukato mengi inaweza kumtosha bila malalamiko iwapo ngozi yake ni ya mafuta na haina maradhi.

Kwa hiyo, kwa mkazi wa Kikwajuni, Unguja, au Likoni, Mombasa, mwenye maji ya kisima, ningesema aweke fedha kwenye sindeti au jeli kabla ya kufikiria krimu ya usiku, na kama hana uwezo, basi asuuze mara ya mwisho kwa maji ya mvua au maji mengine laini aliyoyahifadhi.

Sabuni za asili zinastahili kuwekwa katika mizani hii hii. Sabuni ya mwani inayotengenezwa na kina mama wa Paje, sabuni za mawese za Kigoma, sabuni ya mwarobaini na ile sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi inayopatikana kwa majivu ya maganda ya ndizi na kakao, zote ni sabuni halisi kwa kemia yake. Zile za mkono huwa na fadhila moja, kwamba gliserini inayozaliwa wakati wa kutengeneza hubaki humo, wakati viwanda vingi huitenga na kuiuza peke yake, na watengenezaji wengi huacha pia ziada ya mafuta ambayo haikugeuka sabuni. Hilo huzifanya zivumilike zaidi, ila halishushi pH yake. Sabuni nyeusi isiyochujwa vizuri huwa kali kupita kiasi, na si busara kuisugua moja kwa moja usoni. Itolewe povu viganjani kwanza. Nazipenda sabuni hizi kwa mwili. Kwa uso wenye chunusi zilizovimba, sizipendekezi.

Jeli zenye povu: salfeti na zisizo salfeti

Katika jeli, jina la pili kwenye orodha ndilo la kulinganisha. Sodium Lauryl Sulfate, ambayo hufupishwa SLS, huondoa mafuta kwa nguvu, na watafiti wa magonjwa ya ngozi huipaka kwa makusudi kwenye ngozi za waliojitolea wanapotaka kuiwasha ili wapime dawa za kutuliza. Sodium Laureth Sulfate, au SLES, hutofautiana nayo kwa herufi chache tu lakini ni laini zaidi. Uvumi kwamba visafishi hivi huleta saratani ulisambazwa kwa barua pepe mwishoni mwa miaka ya 1990 na haukuwa na ushahidi; kosa halisi la SLS ni kukausha na kuwasha, na hilo pekee ni sababu ya kutosha ya kuikwepa ikiwa imeandikwa mwanzoni mwa orodha ya kitu cha usoni.

Cocamidopropyl Betaine, ya mafuta ya nazi, ni mpole kuliko zote mbili na huzifanya nazo ziwe pole zinapochanganywa, kwa hiyo jeli ya SLES iliyoambatana na betaini haiwi kali kama SLES ikiwa peke yake. Jamii ya glukosidi, yaani Coco-Glucoside na Decyl Glucoside, hutengenezwa kwa mafuta na sukari, hutoa povu dogo na hupendwa na wanaotafuta bidhaa zisizo na salfeti. Hata hivyo upole wa kisafishi hauzuii mzio: Chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitaja betaini kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2004, na glukosidi mwaka 2017. Mtu ambaye kila jeli "laini" humtoa vipele kope na shingoni akague kama majina hayo yanajirudia katika zote alizojaribu.

Tuchukue lebo mbili za mfano tuziweke bega kwa bega. Ya kwanza inasoma Aqua, Sodium Laureth Sulfate, Sodium Chloride, Cocamidopropyl Betaine, Parfum, Phenoxyethanol, Carica Papaya Fruit Extract. Ya pili inasoma Aqua, Glycerin, Cocamidopropyl Betaine, Decyl Glucoside, Sodium Chloride, Phenoxyethanol, bila manukato. Chumvi iliyomo katika zote mbili ni ya kuipa jeli uzito na haina madhara kwa ngozi wala faida. Ya kwanza ina kisafishi chenye nguvu mbele, betaini nyuma ya chumvi, manukato kabla ya kihifadhi na papai la jina tu. Ya pili imeweka gliserini, inayovuta na kushika unyevu, mbele ya visafishi vyote. Kwa kijana wa miaka 17 mwenye paji linalong'aa mafuta ifikapo saa sita mchana, ya kwanza itafanya kazi na huenda ikawa nafuu. Kwa mama yake wa miaka 45 ambaye ngozi humpauka wakati wa kipupwe, ya pili ndiyo yenye haki ya kupewa fedha. Nyumba moja inaweza kuhitaji zote mbili, na hakuna ubaya.

Onyo moja kwa wanaosoma lebo kwa bidii kuliko inavyohitajika. Cetaphil, iliyobuniwa na mfamasia wa Texas mwaka 1947 na kupendekezwa na madaktari wa ngozi kwa miongo kadhaa, ilikuwa na SLS katika fomula yake ya zamani. Ilikuwa ndogo, ikiwa imezungukwa na alkoholi za mafuta zilizoipunguza makali, na watu wenye ngozi dhaifu waliivumilia. Jina moja baya katikati ya orodha halitoshi kuikataa bidhaa, kama ambavyo jina moja zuri mkiani halitoshi kuinunua.

Krimu, maziwa na mafuta ya kusafishia

Visafisha uso vya krimu huanza kwa maji, gliserini na majina kama Cetyl Alcohol au Cetearyl Alcohol, na kisafishi chake huwa kidogo. Neno alkoholi hapa limewatisha wengi bila sababu. Hizi ni nta laini, nyeupe, zisizolewesha na zisizokausha, tofauti kabisa na Alcohol Denat., ambayo ni ile inayoyeyuka hewani haraka na kukausha ngozi ikiwa nyingi.

Krimu hufaa ngozi kavu, ngozi ya mtu anayetumia dawa kali za chunusi, na uso wa asubuhi ambao haujakutana na vumbi. Haifui vizuri losheni nzito ya kuzuia jua wala vipodozi visivyotoka kwa maji, na kwa hivyo mafuta ya kusafishia yenye kiambato cha kuyafanya yachanganyike na maji hushinda. Mafuta ya nazi ya jikoni huondoa vipodozi hivyo pia, ila hayasuuziki, na mwenye chunusi atahitaji jeli laini baada yake.

Salisiliki dhidi ya benzoili peroksidi

Hapa tumeingia katika viambato vyenye kazi ya dawa, na ni ulinganisho unaostahili muda kuliko ule wa papai na tango. Asidi ya salisiliki, Salicylic Acid kwenye lebo, huyeyuka katika mafuta, hivyo huingia kwenye kitundu cha ngozi kilichoziba na kulegeza uchafu. Kanuni za dawa za chunusi zisizohitaji cheti huko Marekani huiruhusu kati ya asilimia 0.5 na 2. Inafaa zaidi vichunusi vyeusi na vile vidogo vigumu visivyouma.

Benzoili peroksidi, Benzoyl Peroxide, huua bakteria wa chunusi kwa kutoa oksijeni, na mpaka sasa bakteria hao hawajajenga usugu dhidi yake kama walivyojenga dhidi ya viuavijasumu vya kupaka. Huuzwa kati ya asilimia 2.5 na 10, na utafiti umeonesha kwamba asilimia 2.5 hufanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana na asilimia 10 huku muwasho wake ukiwa mdogo kuliko wa hiyo 10. Hufaa chunusi nyekundu zenye usaha. Hasara zake ni mbili za nyumbani: huchujua rangi ya taulo, foronya na kanga, na haipendi joto. Mnamo Machi 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuondolewa sokoni kwa baadhi ya bidhaa za benzoili peroksidi baada ya kukutwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani, ambayo huweza kuzalika kiambato hicho kinapovunjika. Kwa miji yetu ya joto, maana yake ni kwamba chupa isiachwe ndani ya gari wala dirishani, na isinunuliwe kwenye meza iliyopigwa na jua.

Kwa ngozi nyeusi, uamuzi kati ya viwili hivi uangalie zaidi muwasho kuliko kasi. Kila uvimbe, uwe wa chunusi au wa dawa iliyokuwa kali mno, huweza kuacha doa jeusi linalokaa miezi kadhaa baada ya chunusi yenyewe kupona. Anayeanza na asilimia 10 akichubuka mashavu amejipatia madoa mengi kuliko aliyokuwa nayo. Kiwango cha chini, mara moja kwa siku, kikiachwa usoni kwa dakika moja au mbili kabla ya kusuuzwa, kinatosha kuanzia. Kuvitumia vyote viwili kwa pamoja wiki ya kwanza ni pupa.

Visivyostahili kuongeza bei

Vitamini C, kolajeni na dhahabu katika kitu kinachosuuzwa baada ya nusu dakika huishia kwenye karo la maji. Mkaa hutia rangi. Maneno "huua asilimia 99.9 ya vijidudu" nayo hayana uzito usoni: mwezi Septemba 2016 Marekani iliondoa viambato 19, zikiwemo triklosani na triklokabani, katika sabuni za kunawia za watumiaji wa kawaida, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba hushinda sabuni ya kawaida na maji. Chembe za kusugulia, hasa zenye ncha kama za maganda ya kokwa zilizosagwa, huumiza uso wenye chunusi.

Manukato, yaani Parfum au Fragrance, ni suala la mtu na ngozi yake. Kihifadhi Methylisothiazolinone ndicho ninachokichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu mzio wake ulienea Ulaya hadi Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku katika bidhaa zinazobaki mwilini, na kukiwekea kikomo cha sehemu 15 kwa milioni katika zile zinazosuuzwa.

Visivyolinganishwa na chochote

Sabuni inayoahidi kung'arisha uso ndani ya siku chache haiingii katika ulinganisho huu. Majina ya kutafuta ni Mercuric Iodide, Mercury, Calomel, Hydroquinone na Clobetasol Propionate. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo, na Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unaihusu moja kwa moja katika vipodozi. Klobetasoli ni dawa ya hospitali inayochakaza ngozi ikitumiwa ovyo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania na Kenya, na bado hukutwa kwenye mkorogo na kwenye sabuni zinazouzwa bila orodha yoyote ya viambato. Kutokuwepo kwa orodha ni sababu tosha ya kuirudisha bidhaa rafuni, hata kama ina harufu ya waridi. Tanzania Bara ukaguzi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, Zanzibar uko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), na Kenya uko chini ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS); alama ya ubora iangaliwe, ikifuatwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa maana stika mpya iliyobandikwa juu ya tarehe ya zamani si jambo geni.

Zikibaki mbili mkononi

Baada ya mchujo huu kwa kawaida hubaki bidhaa mbili zenye visafishi vya jamii moja na bei zinazokaribiana. Hapo chagua chupa ndogo, isiyo na manukato, yenye bomba la kubonyeza badala ya kopo la kuchovya vidole, na uangalie mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye 6M au 12M, unaoonesha idadi ya miezi ya kuitumia tangu kufunguliwa. Ijaribu kwanza chini ya taya kwa siku kadhaa, ukinawa kwa maji yale yale unayotumia kila siku. Kisha nawa uso mzima, ufute, na usipake chochote kwa robo saa. Ngozi ikivuta au ikichoma katika muda huo, kisafishi kimezidi nguvu, na cha kubadilisha ni hicho, kabla ya kununua losheni ya kutuliza ukavu ambao kimeusababisha chenyewe.